Redio kwanza, kichwa baadaye?!



Najua blogu imelala karibu wiki mbili. Majaribio yalituandama, halafu umeme wa bweni nao ukawa na yake. Leo sijaja na habari za foleni ya kafteria wala za yule mhadhiri wa saa moja asubuhi. Leo nimekuja na ugomvi, na nataka tuugombane kwa hoja, siyo kwa kelele kama zile za juzi mle kordoni.

Ugomvi wenyewe ni huu: mtu akinunua pikipiki mpya, hela ya kwanza inayobaki mfukoni aitie wapi?

Mtaniambia hilo nalo ni la kuandikia? Ndiyo, ni la kuandikia. Sisi tunaosoma ualimu tujiangalie. Ukimaliza hapa ukapata ajira, hupangiwi Mlimani City wewe. Unapangiwa shule fulani Nyang'hwale huko, au Mbogwe, au Msalala, nyumba ya mwalimu ipo kilomita tisa kutoka barabara ya basi, na mkopo wako wa kwanza kabisa utakuwa wa pikipiki. Halafu kuna nyie wenzangu mnaojidai wawekezaji, bumu likiingia mnachangishana wawili watatu mnanunua Boxer, mnampa kijana wa mkataba. Nyie nawafikia mwishoni, msijifiche.

Sasa angalia kinachofanyika kwetu. Anzia Tinde, nenda Isaka, Kahama, Masumbwe, Ushirombo, zunguka mpaka Katoro na Geita mjini. Pikipiki ikitoka dukani ina nailoni bado kwenye kiti, siku hiyohiyo inafanyiwa mambo mawili. Kwanza inavuliwa. Pili inavishwa. Inavuliwa saiti mira, eti zinaleta ushamba na zinagusa watu kwenye kupenya. Ekzosi inatolewa utumbo wa ndani ili ilie. Madigadi ya mbele wengine wanaikata. Halafu inavishwa redio yenye spika mbili na sehemu ya kuchomeka flashi, taa za rangi chini ya injini zinazokonyeza kama harusi, stika kila mahali, na lile pazia la nyuma lenye maneno ya kuwatisha wenye wivu. Mwisho wa zoezi jamaa anapanda, kichwa kitupu, miwani ya jua, anaondoka. Pikipiki ya karibu milioni tatu iko kamili. Kichwa cha mwenye pikipiki ndicho pekee hakijafungwa kitu!!

Nina rafiki yangu hapa chuoni, jina nalihifadhi maana anasoma blogu hii na ana hasira za karibu. Mjomba wake ana hisa kwenye duara moja maeneo ya Nyarugusu, mwaka huu mawe yakaitika, mjomba kwa furaha akamnunulia mpwa wake Apache nyekundu. Siyo Boxer, jamani, Apache! Tangi limevimba, kiti cha nyuma kimepanda juu, breki ya mbele ya diski, ukikaa unainama kama unaenda kwenye mashindano. Na mjomba akaongeza laki tatu "za kuiremba". Bweni zima likakaa kikao kupanga bajeti ya laki tatu za watu. Redio ikapita bila kupingwa. Taa zikapita. Ekzosi ya kelele ikapita kwa shangwe. Mimi nikasema kofia mbili, nikachekwa kwi kwi kwi mpaka chumba cha tatu. Mmoja akasema "mwalimu wa nidhamu ameanza". Sawa. Basi mwalimu wa nidhamu anaendelea.

Tuanze na kile mnachokivua, kwa sababu hicho hakihitaji hata senti. Saiti mira zimekuja bure na pikipiki. Aliyechora ile pikipiki hakuziweka kama hereni. Piga hesabu ya kidato cha pili: spidi ya 60 kwa saa ni karibu mita 17 kwa sekunde moja. Ukigeuza shingo kuangalia nyuma, ukarudisha macho mbele, sekunde moja imekwenda au zaidi. Umetembea mita 17 bila kuona unakokwenda, yaani urefu wa semi nzima. Na semi ndizo hasa zinazotumia barabara ile. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita Isaka, Kahama, yanaelekea Lusahunga usiku na mchana, dereva ana siku kadhaa barabarani, na upepo wake tu unakusogeza pembeni. Wewe hapo huna kioo, na redio inapiga nyuma ya masikio. Utamsikiaje akikupigia honi?

Hapo nimegusa hoja moja waliyonipa. Wanasema kofia inaziba masikio, dereva hasikii magari, na usiku hasikii kama abiria wa nyuma anachomoa kitu. Nimeisikia mara nyingi, hata kwa madereva wa stendi ya Kahama, na hoja ya usalama wa usiku siipuuzi, vijana wameuawa kwa ajili ya pikipiki, tunajua. Lakini mtu anayesema kofia inamziba masikio, halafu anafunga spika mbili za kishindo usawa wa magoti na kuitoa ekzosi utumbo, huyo simwelewi. Achague moja.

Ekzosi yenyewe sasa. Watu wanaamini ikilia sana ina nguvu sana. Injini ya 150 au 160 haipati nguvu ya maana kwa kutobolewa ekzosi. Mtengenezaji amepanga kabureta au mfumo wa mafuta kulingana na ekzosi ileile iliyokuja nayo. Ukiitoa utumbo bila kurekebisha huko kwingine, unaweza kuishia na mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko mafuta, injini inachemka, na kinachoongezeka ni kelele na uadui na majirani. Fikiria mwalimu mpya unaingia uwanja wa shule, watoto wako mstarini wanaimba wimbo wa taifa, wewe unapita paa paa paa paa kama bunduki. Mkuu wa shule atakukumbuka mpaka unastaafu.

Taa na redio nitazisema kwa fizikia, maana hapo ndipo hela nyingi inapotelea. Balbu ya taa kubwa ya mbele kwa pikipiki nyingi za kwetu ni wati 35. Umeme wa pikipiki ndogo unatoka kwenye sumaku iliyoko ndani ya injini, umepimwa kutosha taa hiyo, taa ya nyuma, indiketa, honi, na kuchaji betri kidogo. Chukua betri ya volti 12 na ampea-saa 5. Zidisha: ni wati-saa 60. Redio yako na taa zako za disko zikila wati 60 ukiwa umepaki kijiweni unawapigia wenzio muziki, injini imezimwa, kwa hesabu ya darasani betri yote inakwisha kwa saa moja, na kwa hali halisi hata saa haifiki. Baada ya miezi mitatu mtu anakuja analia "betri feki, Wahindi wametuibia". Kakuibia nani? Halafu waya zenyewe zimeunganishwa kwa kusokota na kufungwa nailoni, zinapita chini ya tangi la petroli. Hapo sisemi zaidi.

Na zile taa nyeupe kali mnazofunga mbele mbili mbili, zinazoelekea juu badala ya chini, mnawapofusha wenzenu. Barabara ya vumbi, saa moja jioni, ng'ombe wanarudi, anayekuja mbele yako haoni kitu. Taa ya ziada ikifungwa vizuri, ikainamishwa kuangaza barabara, inasaidia sana, hata mimi ningefunga moja baadaye. Neno ni BAADAYE.

Haya, kofia.

Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti 61 za kofia za pikipiki kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakazijumlisha. Jibu lilikuwa kwamba kofia inapunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Niambieni kifaa kingine cha pikipiki mnachokijua, cha bei yoyote, kinachofanya kazi hiyo. Stika? Kava ya kiti ya ngozi ya kuigiza?

Lakini hapa nataka tuelewane vizuri, maana neno "kofia" lenyewe limechakachuliwa. Pikipiki nyingi mpya huja na kofia ya bure. Nyingine ziko sawa, nyingine ni bakuli. Kinachokulinda kwenye kofia ni vitu vitatu. Ganda la nje linazuia kitu kupenya na linasambaza kishindo. Ndani kuna povu gumu jeupe, kama lile la kufungia televisheni ila zito zaidi, hilo ndilo linalokunjika na kula nguvu ya kugonga ili ubongo usiile. Na kuna mkanda wa kidevuni unaoifanya kofia ibaki kichwani wakati unaihitaji. Sasa nenda dukani, inua kile kitambaa cha ndani kwa kidole. Ukikuta plastiki tupu na sponji laini ya mto, hiyo ni bakuli. Rudisha. Ukikuta povu gumu lenye unene wa kueleweka, endelea. Angalia nyuma au kwenye mkanda kama kuna alama ya ubora, ama ya TBS, ama ile duara yenye herufi E na namba pembeni, ambayo ni ya kiwango cha kimataifa. Alama zinaghushiwa, najua, ndiyo maana nimeanza na kidole. Ivae, funga mkanda, vidole viwili vipite chini ya kidevu, visizidi. Kisha mwambie muuzaji ashike nyuma ya kofia aisukume mbele. Ikitoka, siyo yako hata kama ni nzuri kwa rangi. Tikisa kichwa. Ikicheza yenyewe wakati kichwa kimetulia, chukua saizi ndogo. Na kofia iliyokwisha kugongwa ajalini, povu lake limeshakunjika, kazi yake imekwisha, hata kama nje inang'aa. Kwa hiyo zile za mitumba zinazopangwa chini mnadani mimi sizigusi.

Mkanda! Jamani mkanda! Ukikaa njia panda ya Tinde nusu saa utawaona. Kofia iko kichwani kwa sababu kuna trafiki mbele, mkanda unaning'inia kama mkia wa mbuzi. Wengine wameivaa mkononi, kwenye kiwiko, kama mkoba wa sokoni. Kiwiko ndicho kinafikiri? Hapa ndipo ninapoona ugonjwa wetu ulipo. Kofia tumeifanya kuwa kitu cha polisi. Bajeti ya 2021/22 ilishusha faini ya makosa ya barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 mpaka 10,000, na watu walishangilia, nami naelewa, maana elfu thelathini kwa kijana wa kijiweni ilikuwa siku mbili tatu za jasho. Lakini tangu hapo nasikia watu wanapiga hesabu kabisa: kofia nzuri ni faini kadhaa, sasa si bora nilipe nikikamatwa. Hesabu hiyo inaacha nje kitu kimoja kikubwa. Lami haiandiki faini.

Kofia ya pili ndiyo ngumu zaidi, na hapa nawasikiliza kidogo. Kanuni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki za mwaka 2010 zinamtaka dereva wa biashara awe na kofia ya abiria pia. Wangapi wanayo? Na wakiwa nayo, abiria anaikataa. Wadada wa bweni la pili wameniambia bila kunificha: "Siwezi kuvaa kofia iliyovaliwa na watu arobaini leo." Jasho, mba, harufu ya mafuta ya nywele ya mtu usiyemjua, na rasta za elfu kadhaa ulizosuka jana zinabonyezwa. Tangu 2020 ya korona ndiyo kabisa, watu wakapata sababu rasmi. Hii siyo hoja ya kijinga. Ukimjibu dada kwa kumhubiria usalama tu atapanda bila kofia na atakushinda.

Jibu lipo na ni la bei ya soda. Zile kofia laini za plastiki za saluni, au kitambaa chepesi cha pamba ambacho abiria anaweka kichwani kwanza. Dereva anabeba kadhaa mfukoni, za kitambaa anazifua jioni. Chagua kofia ya abiria yenye bitana linalotoka, lifuliwe Jumapili na nguo nyingine. Na chukua saizi kubwa kiasi, ya uso wazi, ili isuko la nywele lipate nafasi na mama wa makamo asione anazibwa pumzi, ila mkanda ufungike sawasawa. Nilipokuwa TP mwaka jana upande wa Geita kulikuwa na dereva mmoja, baba mtu mzima, alikuwa na kofia ya abiria safi, ndani ina harufu ya sabuni ya kufulia. Walimu wa kike wote walikuwa wanamsubiri yeye, hata akichelewa. Vijana wenye muziki walikuwa wanapiga honi pale nje wanaondoka watupu. Huyo mzee alikuwa hafanyi uanaharakati, alikuwa anafanya biashara.

Kuna ndugu yangu mmoja ataniambia nimekuwa mzungu, napinga urembo. Hapana! Usukumani kwetu urembo wa chombo ni jadi. Kabla ya pikipiki kujaa hivi, Shinyanga mjini "daladala" ilikuwa ni baiskeli, Phoenix yenye kiti cha sponji nyuma, maua ya plastiki, vioo na vifuniko vya spoki vya rangi. Wazee wetu wa Bagika na Bagalu walishindana ngoma kwa mapambo na mbinu za kila aina ili kuvuta watu upande wao, mwingine anakuja na chatu, mwingine na nungunungu. Kujionyesha tumezaliwa nako, tusidanganyane. Ila ile Phoenix ilikuwa inatembea mwendo wa mtu anayekimbia. Ukianguka unachubuka goti, unacheka, unasukuma. Urembo uleule ukiuhamishia kwenye chombo cha kilomita 100 kwa saa, bila kuhamisha na kitu kingine chochote, hapo hesabu imebadilika na wewe hujabadilika.

Na hata urembo, kwani kofia haipendezi? Chora kofia yako bana! Weka stika hapo, weka jina la mchumba.

Tuje kwenye keria, maana hapa mikoa yetu ina ugonjwa wake maalumu. Kwenye ukanda wa dhahabu pikipiki siyo ya abiria tu. Inabeba viroba vya mawe kutoka duarani kwenda kwenye karasha, inabeba madumu ya maji, magogo ya kushikilia kuta za shimo, dizeli. Kwa hiyo mtu akinunua Boxer au TVS pale Katoro, cha kwanza anapeleka kwa fundi wa kuchomelea, anaongezewa keria ya nondo inayotoka nje mpaka nyuma ya taa. Fundi anachomelea moja kwa moja kwenye fremu. Wenzangu wa fizikia mnajua kinachofuata. Ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Mzigo ukikaa mbele ya ekseli, unagawana uzito na magurudumu yote mawili. Ukikaa nyuma ya ekseli, unafanya kazi ya mwenzo, unainua gurudumu la mbele. Usukani unakuwa mwepesi kama wa kuchezea, breki ya mbele haina cha kushika, na breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa kuliko ya nyuma kwenye kusimama. Unashuka mlima wa changarawe na viroba viwili nyuma, unakamata breki, na unagundua kwamba mwenye mamlaka ni kiroba. Halafu pale palipochomelewa chuma kimechemshwa, mtikisiko wa kila siku unakitafuna, siku moja kinapasuka barabarani.

Ukitaka keria, na mwalimu anahitaji keria, kuna madaftari ya darasa la watoto 90, kuna mtungi wa gesi, basi nunua ya kufunga kwa bolti kwenye matundu yaleyale ya kiwandani, fupi, na mzigo mzito ukae karibu na kiti. Apache ya jamaa yetu ndiyo haikuumbwa kwa viroba kabisa. Ile asiifunge chochote nyuma. Mjomba akitaka pikipiki ya kubebea mawe anajua duka lilipo.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Oili ya kwanza imwagwe mapema. Vitabu vingi vinavyokuja na pikipiki hizi vinasema kati ya kilomita 500 na 750, na hizo kilomita za mwanzo usiikamue injini kuonyesha mashabiki. Cheni: vumbi letu likichanganyika na oili chafu ya kumwagwa inageuka msasa, inakula spoketi huku unaiona inang'aa. Ifute kwanza, ndipo upake oili safi nzito, ya gia, kidogo. Ilegee sentimita mbili tatu hivi katikati, isikazwe kama waya wa gitaa. Tairi: zile za barabarani zenye uso laini kwenye luseni zinaogelea, na kwenye mbuga mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa Shinyanga unajaza madigadi mpaka gurudumu linagoma, ndipo unaelewa kwa nini wazee walitembea kwa miguu msimu huo. Ukiweza pata tairi yenye meno ya kati. Na bampa la chuma mbele ya miguu, hilo nalikubali bila ubishi, goti ni ghali.

Kuna jambo watu wa kwetu wanalisema nalo linaniudhi: "Siku hizi kuna daraja." Kweli daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita kama tatu juu ya ziwa, na mgonjwa anayetoka Geita kwenda Bugando hasubiri tena kivuko. Ni jambo kubwa, mimi mwenyewe nimeshasubiri kile kivuko na najua saa zake. Lakini mtu aliyepasuka fuvu Katoro saa mbili usiku bado ana safari ndefu ya kufika hapo darajani, na kuna mambo ambayo daktari hawezi kuyarudisha hata ukimfikisha kwa ndege. Hatukujengewa daraja ili tuvue kofia.

Sasa nyie wawekezaji wa bumu. Mlidhani nimesahau?

Kijana wa mkataba anakulipa hesabu kila siku, jua na mvua, mpaka pikipiki iwe yake. Nimewauliza watatu wenu mlifunga nini siku ya kwanza. Wote watatu jibu moja: jipiesi. Mmefunga kifaa cha kuwaambia kwenye simu chuma kiko wapi, kila dakika, hata kijana akienda kunywa chai mnajua. Kofia mlimpa? "Atanunua mwenyewe, si anafanya biashara." Anafanya biashara ya nani kwa miezi kumi na nane hiyo? Mnalipa na bima ndogo, vizuri, sheria inataka, ila bima hiyo ni kwa ajili ya watu wengine atakaowaumiza. Dereva mwenyewe akivunjika haimlipi. Kwa hiyo katika mpango wenu wote, chuma kina ulinzi, mtembea kwa miguu ana bima, na yule anayewaingizia hela ya chipsi ana fulana.

Na msiniambie hamna hela. Kofia mbili nzuri ni sehemu ndogo sana ya bei ya ile pikipiki, na kama roho inawauma, mkateni kijana kidogokidogo kwenye hesabu, atakubali. Kijana akilala wodini miezi mitatu hesabu inatoka wapi? Hata kama huna huruma, kuwa basi na tamaa ya akili.

Mmoja wenu alinionyesha mkataba wake kwa fahari, umechapwa, una muhuri wa serikali ya mtaa, una vipengele kumi na viwili. Kuna kipengele cha kuchelewesha hesabu, cha kupasua taa, cha kubeba mshikaki, mpaka cha kulaza pikipiki nje. Neno kofia halimo hata mara moja. Nafasi ya kuandika kipengele cha kumi na tatu ipo, nimeiona, chini ya sahihi ya shahidi. Kalamu ninayo, niko chumbani mpaka saa nne usiku.